Moyo wa Roosevelt: jinsi seli zinavyonenepa zikibebeshwa presha

Mwishoni mwa Machi 1944, katika hospitali ya jeshi la majini la Marekani huko Bethesda, Maryland, daktari wa moyo Howard Bruenn aliletewa mgonjwa wa miaka 62 aliyekuwa akisumbuliwa na kikohozi. Alikuja akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Midomo na kucha zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya bluu. Kumgeuza tu kitandani kulitosha kumfanya aheme. Bruenn alipomsikiliza mgongoni alisikia mlio wa maji chini ya mapafu, na presha ikasoma 186 kwa 108. Mgonjwa huyo alikuwa Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, nchi yake ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili.

Presha hiyo peke yake haielezi kisa. Kinachokieleza ni mahali moyo ulipokuwa ukigonga. Ukiweka kiganja upande wa kushoto wa kifua cha mtu mzima mwenye afya, ncha ya moyo hugonga kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, ndani ya mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Kwa Roosevelt iligonga kwenye nafasi ya sita, nje ya mstari huo. Eksirei ilionyesha moyo uliokua, hasa chumba cha chini cha kushoto, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mawimbi yaliyopinduka kichwa chini, jambo linaloonekana pale misuli ya chumba hicho inapoelemewa. Bruenn aliandika kwamba huyu ni mtu mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo uliotokana na presha hiyo, na moyo ulioanza kushindwa kazi. Kilichoitwa mafua na mkamba kilikuwa kwa sehemu kubwa maji yaliyorudi mapafuni kwa sababu upande wa kushoto wa moyo haukuweza tena kuyapokea na kuyasukuma mbele.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Ni moyo wa mtu mmoja uliobebeshwa mzigo kwa karibu miaka 10 bila dawa yoyote ya kuupunguza, na namba zake zikaandikwa. Leo hatuwezi kumwacha mgonjwa hivyo ili tumwangalie, wala hatupaswi. Bruenn alizichapisha kumbukumbu zake mwaka 1970, na tangu hapo yeyote anayetaka kuelewa kwa nini seli za moyo hukua zikivutwa na kusukumwa anaweza kuufuata mchakato huo mwaka kwa mwaka ndani ya mwili wa mtu halisi. Kwetu watu wengi hutoka kliniki na karatasi ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inayosema ukuta wa moyo ni mnene, wakaambiwa kwa kifupi kwamba moyo umekuwa mkubwa. Mara nyingi maelezo huishia hapo, na mtu hurudi nyumbani akiwaza kwamba moyo wake umevimba kama jipu.

Namba kabla ya Bethesda

Mwaka 1935 presha ya Roosevelt ilikuwa 136 kwa 78. Mwaka 1937 ikasoma 162 kwa 98. Mwaka 1940, 178 kwa 88. Februari 1941 ilikuwa imefika 188 kwa 105. Kwa maneno mengine, kile alichokikuta Bruenn mwaka 1944 kilikuwepo miaka mitatu nyuma, karibu namba kwa namba. Moyo hupiga zaidi ya mara laki moja kwa siku. Katika miaka hiyo mitatu pekee moyo wa Roosevelt ulifunga na kufungua zaidi ya mara milioni 100, na kila mara ulisukuma dhidi ya ukuta huo wa presha.

Kwa nini hakuna aliyeushughulikia? Daktari wake wa kila siku, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo, na kwa miaka mingi aliyatibu mafua ya rais kwa bidii. Lakini kuna sababu nyingine ambayo naiona nzito zaidi. Mtu mwenye moyo unaoanza kulemewa hujitambua kwenye ngazi. Jana alipanda bila shida, leo anasimama katikati apumue. Roosevelt alipooza miguu kwa polio mwaka 1921, hakupanda ngazi tena. Kipimo ambacho kila mwanadamu anacho bure, yeye hakuwa nacho. Misuli ya miguu ilikuwa imetulia huku ya moyo ikifanya kazi mara moja na nusu ya kawaida, na hakuna aliyeliona hilo kwa nje.

Sababu ya tatu ilikuwa imani ya kitabibu ya zama zile. Madaktari wengi mashuhuri waliamini kwamba mishipa ikishakuwa migumu kwa umri, presha lazima ipande ili damu ifike kwenye figo na ubongo. Kuishusha kulionekana kuwa hatari. Jina lenyewe walilolipa ugonjwa huo kwa Kiingereza lilibeba maana ya kitu kisichoepukika, presha ya lazima. Naomba msomaji aliweke kando neno hilo, lazima, kwa sababu tutalikuta tena ndani ya seli.

Hesabu ya ukuta

Seli ya moyo haijui presha ya mkononi. Haina habari na 188 kwa 105. Inachokihisi ni mvuto, yaani nguvu inayoivuta kwenye eneo lake dogo la ukuta kila moyo unapojaa na kila unapojikaza. Uhusiano kati ya presha na mvuto huo ulielezwa na mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace mwanzoni mwa karne ya 19, bila kuwa na nia ya kuzungumzia moyo. Mvuto kwenye ukuta huongezeka presha inapopanda na chumba kinapopanuka, na hupungua ukuta unapokuwa mnene. Aliyewahi kujaza upepo tyubu ya baiskeli nje ya tairi ameiona kanuni hii kwa macho, kwamba palipotuna na kuwa pembamba ndipo panapozidi kutuna, na hapo ndipo panapopasuka.

Tufanye hesabu ya karatasi. Chukua ukuta wa milimita 9, ambao ni wa kawaida kwa mwanamume, na presha ya juu ya 120. Sasa presha ipande ifike 188 huku chumba kikibaki na upana uleule. Mvuto kwenye kila seli umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Ili urudi ulipokuwa, ukuta unatakiwa uwe na unene wa milimita 14. Milimita 5 za nyama ndizo tofauti kati ya moyo wa Roosevelt wa mwaka 1935 na ule uliohitajika mwaka 1941, ikiwa hesabu hii inafuatwa kama ilivyo.

Mwaka 1975 William Grossman na wenzake walipima mioyo ya wagonjwa na kuonyesha kwamba ndivyo inavyotokea. Mioyo iliyobeba presha kwa muda mrefu ilikuwa na kuta nene kiasi cha kuurudisha mvuto wa wakati wa kujikaza karibu na kiwango cha watu wazima wenye afya. Mioyo iliyobeba damu nyingi kupita kiasi, mfano kwa sababu ya valvu inayovuja, ilifuata njia nyingine, chumba kikapanuka na ukuta ukanenepa kiasi tu.

Tofauti hiyo ya njia mbili ndiyo sehemu inayonivutia zaidi katika somo hili lote, na inafaa tuingie ndani ya seli kuiona.

Kamba ya usumba

Seli ya misuli ya moyo ni ndefu, kama maikromita 100 au zaidi, na upana wake ni kama sehemu ya tano ya urefu huo. Ndani yake zimepangwa sakomia, vipande vidogo vya kujikaza vyenye urefu wa maikromita 2 hivi. Kwa hiyo seli moja ina sakomia zipatazo 50 zilizoungana kichwa kwa mkia, na mistari mingi ya namna hiyo imelala ubavu kwa ubavu.

Sasa fikiria msuka kamba ya usumba aliyeambiwa kamba yake haitoshi. Ana njia mbili. Anaweza kuongeza nyuzi kandokando ili kamba iwe nene na ivute kizito zaidi, au aunge kipande kingine mwishoni ili iwe ndefu na ifike mbali zaidi. Seli ya moyo hufanya hivyohivyo. Ikilemewa na presha, sakomia mpya huwekwa kando ya zile za zamani, seli inanenepa, na ukuta mzima unakuwa mnene. Ikilemewa na wingi wa damu, sakomia mpya huungwa mwishoni, seli inarefuka, na chumba kinapanuka. Mwanamke mjamzito na mkimbiaji wa mbio ndefu, ambao damu yao ni nyingi zaidi, huelekea njia ya pili kwa kiasi cha heri, na mioyo yao hurudi mzigo ukiondoka. Roosevelt alikuwa kwenye njia ya kwanza, na kufikia Machi 1944, kwa jinsi ncha ya moyo ilivyosogea na mapafu yalivyojaa, alikuwa ameanza kuteleza kutoka kwenye ukuta mnene kwenda kwenye chumba kinachotanuka.

Kwa nini seli zinenepe badala ya kuongezeka idadi, kama ngozi inavyofanya kidonda kinapopona? Kwa sababu seli za misuli ya moyo karibu hazijigawi tena baada ya utoto. Jambo hili lilibishaniwa kwa miongo mingi hadi mwaka 2009, maabara ya Jonas Frisén katika taasisi ya Karolinska, Stockholm, ilipopata njia ya kupima umri wa seli. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kabla ya mkataba wa 1963 wa kuyazuia, yalijaza hewa kaboni ya aina ya 14. Kaboni hiyo iliingia kwenye mimea, kwenye chakula, kisha kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa miaka hiyo, ikabaki humo kama mhuri wa tarehe. Walipousoma mhuri huo kwenye mioyo walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 ya seli zake za misuli ya moyo kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 chini ya nusu asilimia. Roosevelt ndiye aliyeidhinisha mradi wa bomu la atomiki. Jibu kuhusu kilichokuwa kinatokea kifuani mwake lilikuja kwa vumbi la mabomu ya aina ile, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo zile seli bilioni kadhaa za chumba cha kushoto alizokuwa nazo rais mwaka 1935, kwa sehemu kubwa ni zilezile alizokuwa nazo mwaka 1944. Kila moja ilibeba nyongeza yake.

Seli inajuaje kwamba imevutwa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Junichi Sadoshima na Seigo Izumo, wakifanya kazi Boston, walipanda seli za moyo za panya wachanga juu ya karatasi za mpira wa silikoni, kisha wakauvuta mpira. Seli zilizoshikilia mpira zikavutika nao. Hapakuwa na presha, hapakuwa na neva wala homoni kutoka mwilini, mvuto tu. Ndani ya dakika 30 hivi jeni za kwanza za ukuaji zilikuwa zimewaka, na baadaye seli zikaanza kutengeneza protini kwa wingi na kunenepa. Jaribio hilo lilimaliza swali la zamani la kama moyo hukua kwa sababu ya nguvu yenyewe au kwa sababu ya kemikali zinazoandamana na presha. Nguvu yenyewe inatosha.

Lakini walifanya kitu kingine ambacho ndicho hasa kilichofungua mlango wa tiba. Walichukua majimaji yaliyokuwa yamezizunguka seli zilizovutwa wakayamimina juu ya seli ambazo hazijavutwa. Nazo zikanenepa. Mwaka 1993 walionyesha kwamba ndani ya majimaji hayo kulikuwa na anjiotensini ya pili, kemikali ambayo seli zilizovutwa zilikuwa zimeitoa zenyewe. Seli iliyoelemewa huiambia jirani yake, na hujiambia yenyewe mara ya pili. Mwaka 2004 kundi la Issei Komuro huko Japani likaongeza jambo la kushangaza zaidi, kwamba kipokezi cha anjiotensini kilichoko kwenye ngozi ya seli kinaweza kuwashwa na mvuto hata kama hakuna anjiotensini kabisa. Mlango unafunguka kwa kusukumwa, bila ufunguo. Na dawa ya kandesatani, inayokibana kipokezi hicho, iliuzuia mlango huo pia.

Mvuto huingia kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Nje ya seli kuna protini zinazoitwa integrini, zilizoshikamana na wavu unaozizunguka seli kama nanga zilivyoshika chini ya bahari. Wavu ukivutwa, nanga huvuta ndani. Kwenye ngozi ya seli kuna vijia vinavyofunguka kwa kunyooshwa na kupitisha kalisi, yaani madini ya kalsiamu. Na ndani ya sakomia yenyewe yumo titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, aliyenyooka kama springi kutoka ukingo wa sakomia hadi katikati yake. Hakuna mahali pengine ambapo seli ingeweza kuweka kipimo kizuri zaidi, kwa sababu titini amelala sambamba na mashine inayofanya kazi, anavutika kila inapovutika.

Ujumbe ukishaingia, mjumbe mkuu ni kalisi. Kalisi ikidumu juu ndani ya seli huwasha kimeng'enya kinachoitwa kalsinyurini, nacho huiachia protini nyingine iingie kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni. Mwaka 1998 Jeffery Molkentin, Eric Olson na wenzao waliwabadilisha panya ili kalsinyurini ya moyo isizimike. Mioyo ya panya hao ilikua mara mbili hadi tatu ya kawaida, kisha ikashindwa, ingawa presha yao haikuwa imepandishwa. Seli zilidanganywa kwamba zimebeba mzigo, zikajenga, zikafa kwa kujenga.

Jeni zinazoamka si zile tu za sakomia. Moyo ulioelemewa hurudia baadhi ya lugha yake ya tumboni mwa mama. Huongeza aina ya protini ya kujikaza iliyo ya polepole na isiyokula nguvu nyingi, na huanza kumwaga kwenye damu homoni za kuwafanya figo watoe chumvi na maji. Moja ya homoni hizo, BNP, ndiyo tunayoipima leo hospitalini mtu akija anahema na tukitaka kujua kama tatizo ni moyo au pafu. Kipimo hicho cha damu kingemwonyesha McIntire, kwa tone moja, alichokuwa akikitafuta puani.

Je, unene ni lazima?

Hapa nafika kwenye lile neno. Kwa miaka mingi baada ya Grossman, wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ukuta mnene ni fidia, kwamba moyo unajiokoa, na kwamba ubaya huja baadaye tu fidia inapochoka. Hesabu ya Laplace inaonekana kulithibitisha hilo. Mwaka 2002 maabara ya Howard Rockman ilifanya jaribio rahisi kulieleza. Panya waliobadilishwa ili mioyo yao isiweze kunenepa vizuri walifungwa ateri kuu ili presha ipande, sambamba na panya wa kawaida. Kwa mujibu wa fundisho la fidia, wale wasionenepa walipaswa kushindwa mapema, maana mvuto kwenye kuta zao ulibaki juu. Kilichotokea ni kinyume. Mioyo yao iliendelea kusukuma vizuri kuliko ile iliyonenepa.

Nimelirudia jaribio hilo kichwani mara nyingi, na kila mara narudi kwa Roosevelt. Mwaka 1941 madaktari waliiona presha yake kama kitu cha lazima, mwili ukijisaidia. Na sisi tuliokuja baadaye, tuliojua kwamba presha ishushwe, tukauona unene wa ukuta vilevile, kitu cha lazima, moyo ukijisaidia. Ni kosa lilelile limehama kutoka mshipani kwenda kwenye seli. Sisemi kwamba hesabu ya Laplace ni uongo, hesabu ni sahihi. Lakini seli haijengi unene peke yake. Pamoja na sakomia mpya zinakuja nyuzi ngumu za kolajeni kati ya seli, zinakuja jeni za kitoto, zinakuja kalisi zisizotulia, na mishipa midogo ya damu haiongezeki kwa kasi ya nyama ambayo mishipa hiyo inapaswa kuilisha.

Hilo la mwisho lilijionyesha Agosti 1944 huko Bremerton, jimbo la Washington. Roosevelt alihutubia wafanyakazi wa bandari ya jeshi akiwa amesimama kwenye sitaha ya manowari, amefungwa vyuma vya miguu ambavyo hakuwa amevivaa kwa miezi. Katikati ya hotuba alishikwa na maumivu ya kubana kifua yaliyosambaa mabegani, yakadumu kama dakika 15. Aliendelea kusoma. Kipimo cha umeme wa moyo kilichofanyika baadaye hakikuonyesha kwamba sehemu ya moyo ilikuwa imekufa. Mishipa mikubwa ya moyo wake huenda ilikuwa na mafuta, kwa umri wake na sigara alizovuta, lakini ukuta mnene unatosha kufanya njaa kuwa kali zaidi. Seli ikishanenepa, oksijeni inasafiri mbali zaidi kutoka mshipa hadi katikati yake, na presha kubwa ndani ya chumba huiminya mishipa ya safu ya ndani wakati uleule inapohitaji damu.

Dalili nyingine ilitokea Yalta, Krimea, kwenye mkutano wa viongozi wa vita wa Februari 1945, baada ya siku ngumu ya mazungumzo juu ya Poland. Bruenn alipopima mapigo alikuta pigo moja lenye nguvu likifuatwa na moja dhaifu, tena lenye nguvu, tena dhaifu, kwa mpangilio usiobadilika. Hiyo ni seli inayoshindwa kuirudisha kalisi yote kwenye ghala lake la ndani kabla ya pigo linalofuata, kwa hiyo pigo moja linapata shehena kamili na lingine mabaki. Mapumziko yalitosha kuifanya dalili ipotee baada ya siku chache.

Alichoweza Bruenn, na tunachoweza

Bruenn alimpa dijitalisi, dawa ya kuupa moyo nguvu ya kujikaza, akampunguzia chumvi, sigara na saa za kazi, na akamtaka alale vya kutosha. Hayakuwa makuu. Na bado, ndani ya siku 10 hivi, mapafu yalisafika na eksirei ikaonyesha moyo umepungua ukubwa. Nalisisitiza hilo kwa sababu wagonjwa wengi huamini moyo uliokwisha kukua haurudi. Chumba kilichotanuka kwa maji mengi kinaweza kujikunja haraka. Unene wa seli wenyewe hurudi polepole, lakini hurudi. Mwanaanga Scott Kelly alipokaa karibu mwaka mzima angani kati ya 2015 na 2016, mahali ambapo moyo hauhitaji kupandisha damu kichwani dhidi ya uzito, chumba chake cha kushoto kilipungua uzito wiki hadi wiki licha ya mazoezi ya kila siku. Na wagonjwa waliowekewa mashine ya kuusaidia moyo kusukuma wameonekana seli zao zikikonda.

Presha yenyewe Bruenn hakuwa na namna ya kuishusha kwa kudumu. Katika mwaka 1944 iliwahi kufika 226 kwa 118. Novemba ilifika 260 kwa 150. Kidonge cha kwanza kilichofaa na kuvumilika kwa watu wengi, cha kuongeza mkojo, kilikuja mwaka 1958. Kaptoprili, iliyozaliwa na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, iliruhusiwa mwaka 1981, na losatani katikati ya miaka ya 1990. Dawa hizi mbili za mwisho zinaishika ile njia ya anjiotensini ambayo Sadoshima na Izumo waliikuta kwenye majimaji ya seli. Ndiyo sababu mwaka 2002, katika utafiti wa wagonjwa 9,193 wenye presha na mioyo minene, losatani ilipunguza unene kuliko atenololi, dawa nyingine ya presha, ingawa presha ilishuka karibu sawa kwa makundi yote mawili. Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba kati ya wale ambao ukuta wao ulipungua vifo vilikuwa vichache, kwa kiasi ambacho kushuka kwa presha pekee hakukielezi. Losatani sasa ni kidonge cha kawaida katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Mombasa. Anayeimeza asubuhi kwa ajili ya presha anazungumza pia na seli zake za moyo, na pengine angeimeza kwa uaminifu zaidi kama kliniki ingemwambia hivyo.

Warm Springs

Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, Georgia, Roosevelt alikuwa amekaa akichorwa picha. Kama saa saba na robo mchana alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, kisha akapoteza fahamu. Bruenn alifika na kupima presha, ikazidi 300 kwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni. Alifariki saa tisa na nusu alasiri hivi, akiwa na miaka 63.

Ubongo unaominywa na damu hulazimisha presha ipande, kwa hiyo namba ile ya mwisho ilikuwa sehemu ya kiharusi chenyewe. Lakini chumba cha kushoto kilikuwa na nguvu ya kuitikia amri hiyo, tena kwa saa mbili na zaidi. Naamini nguvu hiyo ilitoka kwenye sakomia zilizowekwa ubavu kwa ubavu tangu miaka ya 1930, usiku na mchana, na seli ambazo hazikuwa na njia nyingine ya kujibu. Maiti haikupasuliwa. Moyo ule ulizikwa Hyde Park, New York, bila mtu kuuweka kwenye mizani wala kuupima ukuta wake kwa milimita.